Daftari Safi la Nasieku

Jumamosi, 5 Agosti 1939

Baridi hapa Arusha. Mlima umejifunika tangu Jumatano, hauonyeshi hata goti. Nimegombana na watu wawili kabla ya chai. Kwanza karani wa soko, aliyebandika tangazo la mistari sita lenye makosa saba. Kisha Mwanahalima, mwenye nyumba wangu, anayesema sauti yangu inaamsha watoto wa mtaa mzima wa Kaloleni. Nikamwambia watoto wa Kaloleni wanahitaji kuamshwa.

"Waamshe basi, na uwaoshe, Mwalimu," akasema, akaendelea kupepeta mchele.

Saa nne akaja mwanafunzi wangu. Ninaye mmoja tu, na ananitosha. Nasieku binti Lesikar, miaka ishirini na mitatu hivi, anahudumia wanawake wanaojifungua katika zahanati ya misheni huko juu. Sista Hedwig aliyemfundisha kazi alirudi kwao Ujerumani mwezi wa tatu, akamwachia kitabu cha ukunga kinene kama tofali, Kijerumani kitupu. Akamwachia na ahadi: niandikie barua nzuri, wewe mwenyewe, kwa mkono wako, nami nitaipeleka kwa wakubwa wa misheni ili wakupe nafasi ya kusomea ukunga kamili. Kwa hiyo anashuka kwangu mara mbili kwa wiki. Kijerumani changu kina umri wa miaka thelathini, cha shule ya serikali ya zamani, kiliingia kwa kiboko. Lakini kilikaa.

Leo tumeanza hali ya masharti. Hakuna barua ya adabu bila hiyo. Huwezi kumwambia mkubwa "nataka". Unamwambia "ningependa", na hapo ndipo wanafunzi wengi walipokuwa wakilia.

Nikamwonyesha. Shika kitenzi cha wakati uliopita. War: ilikuwa. Tia nukta mbili juu ya a, ongeza e mwishoni: wäre. Ingekuwa. Hatte, alikuwa na. Hätte, angekuwa na. Kitenzi kikikushinda, mwite mtumishi anayeitwa würde. Huyo husimama mbele abebe mzigo, na kitenzi chenyewe kinasukumwa mpaka mwisho wa sentensi, kama ng'ombe wa mwisho kuingia zizini.

Akazigusa zile nukta kwa kidole. "Kwa hiyo, Mwalimu, nukta mbili tu na jambo halipo?"

"Halipo, ila unaliona. Kama mtoto ambaye hajazaliwa."

"Huyo yupo," akasema. "Nikiweka sikio namsikia."

Nimefundisha watu wengi. Wanaonijibu ni wachache, na huwa nasahau kuwakasirikia.

Jumatano, 9 Agosti

Nimemweleza Nasieku kanuni za shule yetu, kwa sababu sijui kufundisha kwa namna nyingine.

Kila zoezi ni barua. Si orodha ya sentensi: barua, yenye mahali, tarehe, jina la mpokeaji juu na jina la mwandishi chini. Na mpokeaji awe mtu aliye hai, unayemjua. Mwalimu wetu wa zamani, Mjerumani mwenye pumu, alikuwa akisema ukimwandikia mtu asiyekuwapo utajifunza lugha isiyokuwapo. Kwanza unaandika kwenye karatasi za ovyo. Mwalimu anasahihisha kwa wino mwekundu. Kisha unanakili barua iliyosahihishwa katika daftari safi, pasipo doa, na karatasi ya makosa inaingia motoni. Makosa hayawekewi akiba. Kanuni hiyo niliipenda nikiwa na miaka kumi na mitatu na ninaipenda bado. Daftari langu la mwaka 1909 nimelitunza mpaka leo sandukuni. Halina neno lililofutwa hata moja.

Tumwandikie nani? Yeye akasema Sista Hedwig. Nikakataa. Sista ni wa mwisho, ukishaiva. Hujifunzi kunyoa kwa kichwa cha mtu unayempenda.

Nikachagua Lindhorst.

Huyo ni Mjerumani mwenye shamba la kahawa upande wa Oldonyo Sambu, juu ya malisho ya kina Lesikar. Mwaka wa thelathini na tano aliugeuza mfereji wa maji. Ng'ombe wa chini wakaanza kulamba matope. Wazee tisa walikuja kwangu kibarazani nikawaandikia malalamiko, na sijawahi kuandika kitu kikali kuliko kile, kila mstari ulikuwa na meno. Wazee wakaweka dole gumba. Wakubwa wa boma la serikali wakasema maneno yale ni ya uchochezi. Kwa hilo Lesikar, baba yake Nasieku, alivunja kokoto barabarani wiki sita. Mimi, jina langu halikuwemo. Ndiyo desturi ya kazi yetu: mwandishi wa barua haandiki jina lake. Barua ni ya mwenye dole.

Sijui kwa nini nimeyaandika haya. Nilitaka kuandika kwamba Nasieku amefanya kosa moja tu katika würde.

Jumamosi, 12 Agosti

Jana nilikwenda Kikatiti kumsomea Manase barua za mahakama. Sokoni nikamkuta mtu amesimama juu ya gunia, anawaambia watu kwamba Wajerumani wanarudi, Mwingereza atawaachia nchi kama mtu anavyorudisha jembe la jirani, na siku hiyo kila mtu atapata chumvi na nguo. Na watu wanaitikia. Watu wenye migongo iliyochapwa na hao hao! Mgongo wangu unao mistari yao ishirini na mitano, na bado nasoma mashairi yao kwa furaha, lakini kuwatamani warudi — hapana. Wala sitamani hawa waliopo wakae. Nilipanda juu ya gunia la pili nikasema hivyo. Manase alinishusha kwa koti.

Leo nilikuwa bado nachemka. Nikamtungia Nasieku zoezi kwa Kiswahili, naye akaliandika kwa Kijerumani:

"Mheshimiwa Bwana Lindhorst. Kama serikali yako ingerudi, tungeipokea kwa ngoma na maziwa. Kama vita vingetokea, ningekuletea habari za boma kila Jumamosi. Kama ungekuwa Bwana Shauri wetu, maji yangepanda mlima yenyewe ili yaje kukuamkia. Wako mtiifu, Nasieku binti Lesikar."

Kwenye maji alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Kwenye habari za boma alisita.

"Mwalimu, hii ni kweli?"

"Ni kejeli."

"Na kejeli inaandikwaje kwa Kijerumani?"

"Inaandikwa hivyo hivyo."

Akanakili katika daftari safi. Mwandiko wake mzuri, umelala kidogo kulia, kama majani ya kandokando ya mfereji. Karatasi yenye wekundu wangu akaitia mwenyewe kwenye jiko la Mwanahalima. Masharti yote matatu sawa. Nilijisikia vizuri siku nzima.

Alhamisi, 17 Agosti

Nimeitwa boma. Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya, alikuwa na gazeti la Dar es Salaam mezani, lenye barua yangu juu ya mabaraza ya wazee. Hakupaza sauti. Alisema: jambo moja zaidi, lolote, na nitaondolewa wilaya hii, nirudishwe kwetu Machame nikae chini ya macho ya mangi, mtawala wa huko, bila kalamu. Akanionyesha karatasi. Tayari imeandikwa, imebaki tarehe.

Machame nilitoka nikiwa kijana. Kaburi la mke wangu liko hapa, vitabu vyangu viko hapa, adui zangu wote wako hapa.

Jana sikumwambia Nasieku kwamba nimeitwa. Atakuwa amekwisha kusikia. Omari, karani wa boma, hana kifuniko cha mdomo.

Jumamosi, 26 Agosti

Nasieku amekuja na barua ya kumpelekea Sista Hedwig. Ameiandika mwenyewe kule juu, bila mimi, kwenye karatasi ya ovyo, akaiweka mezani akatazama mlango.

Nimekaa nayo na wino mwekundu, sikupata pa kuutumia ila mahali pamoja. Ameandika kwamba mwezi wa sita mwanamke mmoja alifika amechelewa, mtoto amekingama tumboni. "Kama ningalijua unachojua wewe, ningalimgeuza. Kama ningalimgeuza, leo angekuwa ananyonya. Kwa hiyo ningeomba, kama ingewezekana, nifundishwe." Mbili za kwanza ziko katika wakati uliokwisha kupita, ile hali ngumu kuliko zote, hätte na wäre zikivutana na kitenzi cha pili. Mimi nilichukua mwaka mzima. Yeye wiki tatu.

Nikamwambia, "Hii usiinakili katika daftari. Hii itume."

"Mwalimu, wewe uliitwa boma."

"Mimi huitwa boma kama wengine wanavyoitwa harusini."

Hakucheka. "Baba anasema safari hii wamekuandikia karatasi."

"Baba yako anajua mengi kwa mtu asiyesoma."

"Anajua karatasi," akasema.

Posta wamepokea barua ila yule wa dirishani alisema haahidi kitu, meli za Ujerumani hazieleweki wiki hizi. Nasieku akaitazama ikitupwa ndani ya mfuko mpaka mfuko ukafungwa.

Jumapili, 3 Septemba

Vita.

Saa kumi jioni, nje ya duka la Premji, watu mia wamekusanyika chini ya redio moja. Hawakuelewa Kiingereza, wakawa wananitazama usoni ili wajue. Nikawaambia. Mama mmoja akauliza iwapo vitakuja huku tena kama vile vya kwanza. Vile vya kwanza vilimla kaka yangu kwa mizigo, si kwa risasi: alibeba masanduku ya Wajerumani mpaka akalala chini njiani kule kusini. Nikarudi nyumbani.

Mwanahalima amefunga mlango mchana. Amesema, "Mwalimu, yale mavitabu yako ya Kijerumani, yakae chini ya magunia." Sikubishana. Akashangaa, akanigusa paji la uso.

Jumanne, 5 Septemba

Wanawakusanya Wajerumani. Malori matatu yamepita kuelekea stesheni. Lindhorst alikuwa katika la pili, amekaa juu ya sanduku, kofia kichwani, ananyoosha shingo kutazama watu wa barabarani kana kwamba anatafuta aliyemkosa. Macho yetu yalikutana. Nilitazamia furaha. Haikuja.

Saa tisa Mwanahalima akarudi kutoka sokoni bila kikapu. Polisi wamepekua misheni. Wamefungua masanduku yote, hata ya wahudumu. Katika sanduku la Nasieku wamekuta kitabu cha Kijerumani chenye picha za matumbo, na daftari. Daftari la barua. Barua kumi na moja kwa Bwana Lindhorst, zenye tarehe, zimetiwa sahihi.

Wamemchukua. Yuko boma, chumba cha nyuma, na mke wa sajini anamlinda.

Nimekaa. Kumi na moja. Nimezihesabu kichwani moja moja. Hakuna mahali palipoandikwa "zoezi". Hakuna wino mwekundu. Kila kitu ambacho kingeonyesha kwamba ni masomo tulikichoma kwa kanuni. Mbele ya mtu asiyejua shule ile, daftari safi ni nakala za barua zilizokwisha kutumwa. Mimi mwenyewe ningeliona hivyo.

Jumatano, 6 Septemba

Omari amekuja asubuhi, na askari nyuma yake. Nilivaa koti. Nilikuwa tayari. Nilikuwa hata na hotuba.

"Shikamoo, mzee," akasema Omari. "Inspekta anakutaka. Kuna Kijerumani cha kutafsiri. Wote wanaokijua wamepanda lori, umebaki wewe. Mimi ndiye niliyekutaja," akaongeza, kama mtu aliyenitafutia heshima.

Inspekta ni mgeni, ametoka Moshi wiki hii, hanijui kwa ubaya. Kijana mwekundu, macho hayajalala. Alisukuma daftari mezani. "Wewe soma hii. Andika yote kwa Kiingereza. Ijumaa maliza."

Nikalifungua. Mwandiko ule ule: majani ya kandokando ya mfereji.

Wameniwekea meza barazani, Omari ameketi hatua tatu kutoka kwangu na rejista yake. Nilianza barua ya kwanza, ya kuomba mbegu za kahawa. Nikamwuliza Omari polepole, kama mtu anayeuliza hali ya mvua: binti anasema nini?

"Anasema alikuwa anajifunza."

"Kwa nani?"

"Ndipo anaponyamaza. Inspekta amemuuliza mara nne. Anasema, kwa kitabu. Inspekta anasema kitabu hakimfundishi mtu kumwahidi adui habari za boma." Akachovya kalamu. "Ile ya Jumamosi Jumamosi ndiyo mbaya, mzee. Kuna yule askari aliyetumikia Wajerumani zamani, ameyatambua maneno mawili matatu. Jumamosi hii binti atapelekwa pwani kwa gari moshi, pamoja na faili."

"Na kama ingejulikana aliyemfundisha?"

Omari akanitazama. Hakunitazama kwa muda mrefu.

"Basi huyo ndiye angepanda," akasema. "Au wangepanda wawili. Mimi ni karani tu."

Nasieku amenyamaza kwa ajili yangu. Anajua ile karatasi iliyobaki tarehe.

Alhamisi, 7 Septemba

Asubuhi nimeifikia barua ya tarehe 12.

Nitaandika nilichofanya. Niliandika: "Kama vita vingetokea, ningehuzunika sana." Kiingereza safi. Ukiacha yule askari wa maneno mawili matatu, hakuna mtu Arusha nzima ambaye angejua. Niliipuliza wino ukauke.

Adhuhuri Inspekta akapita, akasimama nyuma yangu anakula ndizi. Akasema kazi nzuri, na tafsiri yangu itakwenda Dar es Salaam pamoja na daftari lenyewe, huko yuko mtu aliyesoma Ujerumani, atalinganisha neno kwa neno. Akatupa ganda, akaenda.

Nikauchana ukurasa. Atakayelinganisha ataona uongo, na uongo utahesabiwa juu ya Nasieku, si juu yangu: atakuwa mpelelezi mwenye rafiki. Nimeandika upya, kweli yote. Ngoma, maziwa, Jumamosi. Hata maji yanayopanda mlima. Kwa Kiingereza hayachekeshi. Yanaonekana kama sala.

Nimerudi nyumbani saa kumi, nikamkuta Lesikar amekaa kibarazani kwenye kiti cha wateja, fimbo kati ya magoti. Tuna umri mmoja, ila amezeeka vizuri kuliko mimi. Tangu kokoto hatujakaa pamoja. Binti alipoanza kuja kwangu, alimruhusu bila kuniletea neno.

Tukaamkiana. Akauliza habari za kifua changu, nikauliza za ng'ombe. Kisha akasema:

"Niandikie barua."

"Kwa nani?"

"Kwa huyo Inspekta. Mwambie mtoto wangu hajui habari za boma. Anajua wanawake wenye mimba."

"Lesikar, barua kama hiyo, watauliza kwanza nani aliye—"

"Wewe andika tu," akasema. "Dole nitaweka mimi. Nimezoea."

Hakulisema kwa ukali. Ndiyo maana bado nalisikia. Anajua, kwao wote wanajua binti alikuwa anashuka kwenda wapi kila Jumatano na Jumamosi. Angeweza kwenda boma mwenyewe, kwa miguu yake, aseme jina langu. Hakwenda. Alikuja kukaa kwenye kiti cha wateja.

Nikasema nitafikiri. Mimi, niliyeandika gazetini juu ya wazee wa baraza kwamba kufikiri kwao ni jina la pili la woga. Akainuka, akasema kesho atakuwa boma tangu asubuhi.

Mwanahalima alikuwa amesikia yote nyuma ya pazia. Akaniletea uji. "Umegombana na Kaloleni miaka kumi," akasema. "Leo umempata wa kukunyamazisha, naye hakupandisha hata sauti."

Nimekaa na hoja zangu. Nikijitaja, watasema mwalimu ni mchochezi anayejulikana, basi mwanafunzi ni mchochezi pia, nitakuwa nimemwongezea. Nikinyamaza, nitabaki huru niandike, nipaze sauti magazetini mpaka wamwachie. Na pia: nani atawaandikia watu wa mlima huu nikiondoka? Hoja zote ni nzuri. Hilo ndilo linaloniogopesha. Nimewatetea watu wengi kwa hoja dhaifu kuliko hizi.

Ijumaa, 8 Septemba

Asubuhi, mlima wazi wote, mpaka kileleni. Nimetoa magunia, nikatoa sanduku, nikatoa daftari langu la 1909.

Nilikuwa sijalifungua miaka mingi. Barua ya kwanza: "Kwa Mheshimiwa Bwana Mkubwa wa Wilaya. Kama ungekuwa na nafasi, ningeomba ruhusa ya siku mbili." Mahali, tarehe, sahihi. Hakuna doa, hakuna wekundu. Atakayesoma hili na lile la Nasieku mezani pamoja ataona ni shule moja, kanuni moja, na aliyemfundisha ni mimi. Hakuna ushahidi mwingine duniani. Ila ukurasa wa tisa: "Kama Kaisari angeniita, ningemfuata popote." Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na kiboko kilikuwa ukutani. Nilifikiri kuuchana. Lakini daftari lililochanwa ukurasa halimshuhudii mtu.

Nimelifunga katika kanga ya Mwanahalima. Hakuuliza nitairudisha lini. Alisema, "Vaa sweta ndani ya koti. Vyumba vya boma vina baridi."

Saa tatu. Naandika haya kwa penseli, kwenye benchi la baraza la boma. Tafsiri imekamilika, kurasa kumi na nne, iko juu ya magoti. Chini ya ukurasa wa mwisho Omari amepiga mstari kwa rula, akaandika: Jina la mfasiri. Sijalijaza. Miaka ishirini kibarazani, sijaweka jina langu chini ya karatasi ya mtu.

Lesikar yuko mwisho wa benchi. Alifika kabla ya jua. Amepaka mafuta, amevaa shuka jipya, na dole gumba la kulia amelikunja ndani ya ngumi, kama mtu aliyeshika kitu kidogo asikiangushe.

Saa tatu na nusu. Wamempitisha Nasieku uani na mke wa sajini, kwenda kunawa. Amevaa gauni lile la zahanati. Hana viatu. Akaniona. Nilitaka asimame, hakusimama, alisema tu, kwa kawaida, kama tunavyoanza kila Jumamosi:

"Shikamoo, Mwalimu."

Baraza zima lilisikia. Omari aliinua kichwa kutoka kwenye rejista. Uso wake Nasieku ukabadilika — ameona alichokifanya, akafunika mdomo kwa mkono. Mke wa sajini akamsukuma taratibu.

Nikasema marahaba. Niliisema kwa sauti. Ile inayoamsha watoto.

Omari hajaandika kitu. Ameshika kalamu juu ya ukurasa. Anaitazama tafsiri, kisha kile nilichofunga kwa kanga.

Nimechukua penseli nikajaza mstari. Ndesanjo. Chini yake nafasi ilibaki, nikaongeza neno moja, mwalimu, halafu nikaona penseli inafutika, nikamwomba Omari wino. Akanipa. Alinipa kwanza kichupa cheusi, kisha, sijui kwa nini, akasogeza na kile chekundu.

Mlango wa Inspekta umefunguka. Anauliza nani anaanza, mzee mwenye fimbo au mfasiri. Lesikar hajainuka. Amegeuza shingo ananitazama mimi, na dole bado liko ndani ya ngumi. Naanza mimi.